Gauni limetoka, uso umepotea: je, nikope milioni 6 ninunue kamera?

Swali: "Mimi ni kijana wa miaka 27, napiga picha za harusi, kipaimara na mahafali hapa Mbeya, maskani yangu ni Mwanjelwa. Natumia Canon EOS 1200D niliyoinunua ikiwa imetumika, pamoja na lenzi iliyokuja nayo ya 18-55. Mwezi uliopita nilipiga harusi moja. Kanisani gauni la bibi harusi limetoka vizuri lakini nyuso zimekuwa giza. Bustanini, mchana, macho ya maharusi yamekuwa kama mashimo. Na ukumbini, wakati wa kucheza, karibu kila picha imetikisika. Bwana harusi amekataa kumalizia salio langu. Nina mwenzangu mwenye kamera kubwa, zile za fulufremu, na picha zake zinang'aa. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimekubali kunikopesha shilingi milioni 6 nizirejeshe kwa mwaka mmoja, dhamana ni kiwanja changu cha Uyole. Kwa wastani napata harusi mbili kwa mwezi, kila moja shilingi 350,000. Je, kamera yangu imepitwa na wakati? Nikope?"

Jibu:

Mdogo wangu, pole kwa harusi hiyo. Hakuna mpiga picha aliyekaa kwenye kazi hii muda mrefu ambaye hajawahi kurudi nyumbani na kadi iliyojaa picha asizotaka mteja azione, na mimi nitakusimulia yangu hapo mbele.

Nitaanza na jibu lenyewe ili usisome ukiwa na wasiwasi: usikope sasa. Sisemi hivyo kwa kuona kwamba kamera kubwa ni upuuzi. Mimi mwenyewe ninayo, na nitakueleza inasaidia wapi. Nasema hivyo kwa sababu makosa matatu uliyoyataja ni maradhi matatu tofauti yenye vyanzo vitatu tofauti, na kati ya hayo ni moja tu ambalo kamera ya milioni 6 ingelipunguza, nalo lisingekwisha. Ungebaki na nyuso za giza, ungebaki na macho yaliyozama, na juu yake ungekuwa na deni.

Hilo la kupitwa na wakati tulimalize haraka. Kamera yako ilitoka mwaka 2014 na picha yake ina nukta milioni 18, yaani 5184 kwa upana na 3456 kwa urefu. Ukiichapisha kwa kiwango cha nukta 300 kwa kila inchi, unapata picha ya takriban sentimita 44 kwa 29, ambayo ni karibu karatasi nzima ya A3. Ni wateja wangapi wa Mbeya wamewahi kukuagiza picha kubwa kuliko hiyo? Wengi wanaziona kwenye simu, tena baada ya WhatsApp kuzibana na kuzipunguza, na hapo picha ya kamera yako na ya mwenzako hupitia chujio lilelile. (Kwa hilo, acha kutuma picha za kazi kama picha, zitume kama dokumenti, zitafika zilivyo.)

Sasa tuje kwenye nyuso za giza, maana hapa ndipo wengi wanapoishia kuilaumu kamera bure.

Ndani ya kamera kuna kipima mwanga. Kipima hicho hakijui harusi, hakijui gauni, wala hakijui uso. Kinachojua ni jambo moja: kiasi cha mwanga kinachorudi kutoka mbele yake, na kimefundishwa kudhani kwamba chochote kilicho mbele, kwa wastani, ni cha rangi ya kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukiielekeza kamera kwenye ukuta mweupe, itasema "hapa pamezidi mwanga" na kuipunguza picha mpaka ukuta uwe wa kijivu. Ukiielekeza kwenye suti nyeusi, itasema "hapa pana giza" na kuiongeza mpaka suti ionekane imepauka. Bibi harusi wako alikuwa amevaa gauni jeupe lenye mkia mrefu, nyuma yake bila shaka kulikuwa na vitambaa vyeupe vya mapambo, na pengine dirisha la madhabahuni lilikuwa wazi. Kamera iliona weupe kila upande, ikapunguza mwanga, na gauni likatoka vizuri na mikunjo yake yote. Lakini uso wa bibi harusi, ambao unarudisha mwanga kidogo kuliko gauni, ulipunguzwa pamoja na gauni. Kamera haikukosea, ilitii ilivyoelekezwa, na wewe hukuwepo kuiambia kwamba mteja analipia uso.

Kamera ya milioni 6 ina kipima cha namna hiyohiyo. Ni kweli kwamba kamera za miaka hii hutambua nyuso na kujirekebisha kwa kiasi fulani, lakini mbele ya gauni jeupe na ngozi nyeusi huteleza pia, na nimeziona zikiteleza.

Jambo hili si geni kwetu. Zamani za filamu, kampuni ya Kodak ilisambaza kwenye maabara za kusafishia picha kadi za kulinganishia rangi zenye sura ya mwanamke wa Kizungu. Wenye maabara walizoea kuziita kadi za Shirley, na kwa miongo kadhaa ngozi ile ndiyo iliyokuwa kipimo cha picha "iliyotoka vizuri". Wapiga picha wa Kiafrika wa wakati huo walijifunza kuusoma uso mweusi kwa macho yao wenyewe, kwa sababu hakuna mtambo uliokuwa ukiwasomea. Tuna bahati kwamba sensa za leo (nazungumzia kile kibati ndani ya kamera kinachopokea mwanga, si ile ya kuhesabu watu) hazina upendeleo wa namna ile. Kilichobaki ni kipima mwanga, nacho kinasahihishwa kwa kidole.

Unafanyaje? Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa mgongoni mwa kamera yako. Kikishikiliwa huku ukizungusha gurudumu la juu, unaiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga kuliko ilivyojipimia. Katika lugha ya kazi yetu, hatua moja maana yake ni mwanga mara mbili. Gauni jeupe likijaza picha, anza na nyongeza ya theluthi mbili ya hatua, kisha itazame picha. Uso ukiwa bado mzito, nenda hatua moja kamili. Washa onyo la sehemu zilizoungua, zile zinazopepesa nyeusi na nyeupe kwenye kioo: kamba ya lesi begani ikipepesa kidogo si msiba, lakini kifua kizima cha gauni kikipepesa, umezidisha. Njia ya pili ni kubadili upimaji uwe wa sehemu ya katikati tu, ambao kwenye kamera yako hupima takriban asilimia 10 ya eneo la picha, kuelekeza katikati hiyo usoni, kufunga kipimo kwa kitufe cha nyota, kisha kupanga picha yako. Ukitumia njia hii kwa mtu mweusi sana, punguza nusu hatua hadi hatua moja, la sivyo kamera itamgeuza kijivu na mama yake atakuuliza umempaka nini mwanawe.

Lakini vifungo vyote hivyo ni nusu ya tiba. Nusu nyingine ni miguu yako. Makanisa yetu mengi ya huku nyanda za juu yana madirisha marefu pembeni na mlango mpana nyuma, na kati ya hayo ni giza la mbao na matofali. Maharusi wakitoka, kuna mahali, hatua tatu au nne kabla ya kizingiti, ambapo mwanga wa nje unaingia ukiwa mlaini na kuwapiga usoni moja kwa moja. Simama mlangoni mapema, waache waje kwako. Utauona mwanga ukianza kwenye kidevu, ukipanda mashavuni, na wakifika pale panapotakiwa utaona kinukta cheupe kimewaka kwenye mboni za macho yao yote mawili. Kinukta hicho ndicho "mng'ao" unaouona kwenye picha za mwenzako, na hakiuzwi dukani. Uso ukiwa umeugeukia mwanga, tofauti kati yake na gauni hupungua, na kamera yoyote, hata ya simu, huweza kuvichukua vyote viwili.

Hilo linatupeleka kwenye macho yaliyozama bustanini. Hukutaja saa, lakini naweza kuikisia. Ibada iliisha kati ya saa sita na saa saba, mkaenda bustanini moja kwa moja kwa sababu msafara wa magari ulikuwa unasubiri. Saa ya Tanzania inafuata mstari wa longitudo 45 mashariki, na Mbeya iko karibu na 33 na nusu. Kwa hiyo jua letu huchelewa takriban dakika 45 nyuma ya saa za mkononi, na utosi wake hapa kwetu si saa sita kamili bali karibu saa saba kasorobo. Kwa kuwa tuko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba jua hupita juu ya vichwa vyetu hasa. Mtu akisimama chini ya jua kama hilo, paji la uso na pua hupokea mwanga wote, na nyusi zake hutupa kivuli juu ya macho kama paa linavyotupa kivuli barazani. Kamera yoyote itakupa mashimo, kwa sababu mashimo yapo.

Tiba ni kuhama au kuusubiri mwanga. Hadi saa kumi na nusu jua limeshuka na linampiga mtu usoni badala ya utosini. Kamati ikikubali kupanga picha za bustani kabla ya kuingia ukumbini badala ya mara baada ya ibada, umemaliza kazi bila kununua chochote. Zungumza nao wiki moja kabla, si siku yenyewe, maana siku ya harusi mwenye sauti ni dereva wa gari la maharusi. Ikishindikana, tafuta kivuli kilicho wazi upande mmoja: baraza la nyumba, ukuta wa kanisa upande usio na jua, ukingo wa kivuli cha mparachichi. Nasema ukingo, kwa sababu katikati ya mti jua hupenya kati ya majani na kumwaga madoa ya mwanga usoni, na majani yenyewe huipaka ngozi ukijani ambao utahangaika nao kwenye kompyuta usiku kucha. Waweke maharusi mita moja ndani ya kivuli, nyuso zikitazama kule kweupe. Kisha mpe shangazi mmoja karatasi ya manila nyeupe aishike usawa wa kiuno, ameiinamisha kuelekea usoni. Utaona kope zinafunguka. Nimefanya kazi na vifaa vya kurudishia mwanga vya kila bei, na bado manila mbili zimo ndani ya gari langu mpaka leo.

Na siku ya ukungu, ile ambayo watu wa Tukuyu huombea msamaha kwa wageni, usimwombe mteja msamaha. Ukungu umeligeuza jua zima kuwa pazia moja jeupe, na mwanga unatoka kila upande bila kivuli kikali. Piga nyuso siku hiyo. Milima itakuwepo kesho.

Sasa ukumbini. Hapa nitakuwa mkweli kwamba una haki kidogo ya kuilaumu mashine, ila umeilaumu sehemu isiyohusika. Picha kutikisika kunatokana na shata (kile kipazia cha ndani ya kamera kinachofunguka kuingiza mwanga) kukaa wazi muda mrefu huku mtu akisogea. Fanya hesabu: mtu anayecheza na kusogea mita moja kwa sekunde, shata ikifunguka kwa sehemu ya 30 ya sekunde, atakuwa ametembea zaidi ya sentimita 3 ndani ya picha hiyo moja. Ukiifanya shata kuwa sehemu ya 250, atasogea milimita 4. Kamera yako iliachwa ijiamulie, ikaona giza, ikachelewesha shata ili ikusanye mwanga. Lenzi yenye kituliza mtikisiko, kama yako inacho, hutuliza mkono wako, haimtulizi anayecheza.

Kwa nini ilihitaji muda mrefu hivyo? Kwa sababu lenzi yako, ukiivuta hadi milimita 55, tundu lake la kupitishia mwanga, likiwa kubwa kabisa, ni namba 5.6. Namba za tundu huenda kinyume: kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Lenzi ya milimita 50 yenye tundu la 1.8, ambayo karibu kila kampuni inaitengeneza na ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kabisa, huingiza mwanga karibu mara 10 kuliko yako ikiwa kwenye 5.6. Sasa linganisha na hiyo kamera kubwa. Sensa ya fulufremu ina upana wa milimita 36 kwa 24, yako ni takriban 22.3 kwa 14.9, kwa hiyo eneo lake ni mara 2.6 ya eneo la yako, na faida yake gizani iko karibu na kiwango hicho. Mtu akinunua kamera kubwa na lenzi ya tundu la 4, kama wengi wanavyofanya baada ya fedha kuishia kwenye kamera, anapata kwa jumla karibu mara 5. Wewe ukibaki na kamera yako na kuongeza lenzi ya 50, unapata mara 10 kwa sehemu ndogo sana ya hizo milioni 6. Hesabu hii ndiyo ninayotaka uipeleke kwenye kikundi chenu kabla ya kusaini.

Lenzi hiyo ina masharti yake. Haivuti wala haisukumi. Ukitaka mtu awe mkubwa, unamfuata. Kwenye kamera yako itakuwa na mwono mwembamba, unaofaa uso na nusu mwili, na haitakufaa kupiga ukoo mzima jukwaani, kwa hiyo ile ya zamani usiiuze. Tena ukiifungua mpaka 1.8 ukiwa mita 2 kutoka kwa mtu, sehemu inayoonekana kali ina unene wa takriban sentimita 10 tu: macho yatakuwa makali, masikio yataanza kulegea, na mtu aliyesimama nyuma atapotea. Kwa picha za makundi lifunge tundu hadi 5.6 au 8 na utumie flashi.

Kuhusu flashi nitasema kwa kifupi. Usiielekeze usoni moja kwa moja. Igeuzie darini au ukutani ili mwanga urudi ukiwa mpana. Lakini kwanza tazama juu, maana kumbi zetu nyingi dari limefunikwa kwa vitambaa vya mapambo, na kitambaa cha zambarau kitakurudishia uso wa zambarau. Hapo funga kipande cha ile manila nyuma ya flashi kwa raba bendi, kiinamishe mbele kidogo. Na kumbuka kwamba ukiongeza umbali mara mbili, mwanga wa flashi unabaki robo. Kumpiga bibi harusi kutoka mlangoni mwa ukumbi ni kuichosha betri tu.

Nimekuahidi kisa changu. Mwaka 2011 niliuza pikipiki nikanunua kamera yangu ya kwanza ya sensa kubwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kipaimara, kanisa moja kando ya barabara ya Tukuyu. Niliingia kifua mbele. Mchungaji akawawekea watoto mikono mmoja baada ya mwingine, nami nikapiga picha zaidi ya 40 bila hata kutazama kioo, kwa sababu niliamini kifaa changu. Jioni nikazifungua kwenye kompyuta. Mbele ya madhabahu kulikuwa na chombo cha maua ya plastiki, mekundu na manjano, na katika kila picha maua yale yalikuwa makali ajabu, unaweza kuhesabu vumbi kwenye majani, na nyuma yake mikono ya mchungaji na kichwa cha mtoto vilikuwa mawingu. Nilikuwa nimeiacha kamera ichague yenyewe pa kulenga, nayo ikachagua kilicho karibu. Kamera yangu ya zamani ingefanya kosa hilohilo, ila kwa kuwa tundu lake lilikuwa dogo, kosa lingejificha. Ile mpya ililianika. Mama mmoja aliitazama picha ya mwanawe kwa muda, akaniambia kwa upole tu: "Baba, maua nayo yalibarikiwa?" Nilirudisha fedha za familia tatu.

Tangu siku hiyo nalenga kwa nukta moja ya kulengea niliyoichagua mwenyewe, na naiweka kwenye jicho lililo karibu nami. Na wewe fanya hivyo. Kamera yako ina nukta 9 za kulengea, tumia ile ya katikati, ndiyo yenye nguvu zaidi gizani.

Nikifundisha vijana, hupenda kuwatajia mpiga picha Seydou Keïta wa Bamako, Mali, aliyefungua studio yake mwaka 1948. Alikuwa na kamera ya mbao ya miguu mitatu, sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya uani kwa mwanga wa jua, na pazia la nyuma la picha zake za mwanzo lilikuwa shuka lake la kitandani. Kwa kuwa filamu ilikuwa ghali, kwa kawaida mteja alipigwa picha moja tu. Moja. Kwa hiyo kazi yote ilifanyika kabla ya kubonyeza: bega ligeuke wapi, mkono ukae wapi, kidevu kipande kiasi gani. Picha hizo leo zinatundikwa kwenye majumba makubwa ya sanaa duniani. Simwambii mtu arudi kwenye kamera ya mbao. Nataka tu uone muda wake aliutumia wapi.

Kamera kubwa basi inafaa lini? Inafaa pale ambapo umeshafanya yote hayo na bado unagonga ukuta. Nyingi zake zina nafasi ya kadi mbili, kwa hiyo kadi moja ikifa harusi haifi nayo. Hulenga haraka gizani. Hubeba tofauti kubwa zaidi kati ya gauni na uso kabla kimoja hakijaungua. Zisizo na kioo cha ndani zinaweza kupiga bila sauti wakati wa maombi, jambo ambalo wachungaji hulipenda. Mwenzako hakudanganywa, lakini jaribu kumwazima kamera hiyo kwa nusu saa, upige mtu uleule, mahali palepale, saa ileile, kwa kamera zote mbili. Au ikodi kwa siku moja. Ukiweza kuzitofautisha picha bila kuangalia jina la faili, na mteja naye akaweza, hapo una sababu ya kuanza kuweka akiba.

Ningekuwa wewe, baada ya lenzi ya 50 na flashi iliyotumika, fedha inayofuata ningeiweka kwenye kamera ya pili ya akiba, hata iliyochakaa ya aina yako. Ujuzi wote niliokueleza hauna kazi kamera ikizima katikati ya viapo.

Na deni lenyewe? Milioni 6 kwa mwaka ni 500,000 kila mwezi kabla ya riba. Harusi zako mbili ni 700,000 kabla ya nauli, msaidizi, chapa na chakula chako. Wakati wa Kwaresima harusi za makanisa mengi hupungua, na marejesho hayafungi Kwaresima. Ukiyumba miezi miwili, kiwanja cha Uyole ndicho kitakachozungumza.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. La kwanza, lenzi. Ivue, ielekeze dirishani, kisha imulike kwa tochi kutoka upande wa pili. Ukiona nyuzi kama za buibui au wingu la maziwa ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, na kwenye unyevu wa huku kwetu, hasa upande wa Rungwe, huota haraka ndani ya begi lililofungwa. Picha hupauka hata mpigaji awe nani. Usiifungue mwenyewe, mpelekee fundi wa kamera, na uulize gharama kabla, maana mara nyingi kusafisha lenzi ile ni ghali kuliko kununua nyingine. La pili, ulengaji. Weka gazeti mezani, kamera juu ya vitabu ili isitikisike, lenga mstari mmoja wa maandishi kwa pembe; mstari ulio mbele au nyuma yake ukiwa mkali zaidi, kila ukirudia, kamera inahitaji fundi. La tatu, macho yako. Pembeni mwa tundu la kuchungulia kuna kigurudumu kidogo. Kizungushe mpaka maandishi ya chini yawe makali. Ukikizungusha mpaka mwisho na bado unaona ukungu, nenda kliniki ya macho wiki hii, usingoje.

La nne ni kukaa na mtu. Mwombe mpiga picha mzoefu wa mjini akuchukue kama msaidizi kwa Jumamosi nne au tano, ushike flashi yake na ubebe begi lake. Tazama anasimama wapi kabla ya tukio, si anabonyeza nini. Wengi hukubali, kwa sababu msaidizi anayefika kwa wakati ni adimu.

Limebaki la bwana harusi. Kama ulipiga kwa faili za RAW (faili ghafi, kabla kamera haijaitengeneza picha), bado una matumaini: faili hizo kwenye kamera yako hubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi dhidi ya 256 za JPEG, ile picha ya kawaida iliyokwisha kutengenezwa na kubanwa na kamera, na uso uliopotea hatua moja na nusu unaweza kuinuliwa, ingawa utakuwa na chembechembe. Inua uso peke yake, gauni uliache. Kama ulipiga kwa JPEG, utaokoa chache. Chagua picha 30 bora, zitengeneze kwa uangalifu, chapisha 3 kati ya hizo, kisha mwombe mjumbe wa kamati aliyekuunganisha na kazi akusindikize kwa bwana harusi. Mwonyeshe zilizochapishwa kwanza, mwambie wazi zipi hazikutoka, na mpe nafasi ya kupigwa tena picha za bustani yeye na mkewe saa kumi na moja jioni, bila malipo, wakiwa wamevaa vizuri. Salio mlizungumze baada ya hapo.